Mwaka Tuliombeba Bibi

Sikumzika dada yangu Semeni kwa sababu nilikuwa nafunga mzigo. Naona aibu kuliandika jambo hili, lakini wajukuu wangu wameshalitangaza soko zima la Ifakara, kwa hiyo bora mlisikie kwangu. Habari ya kifo ilinifikia asubuhi. Lori la mpunga la kwenda Idete lilikuwa linaondoka saa nne, na dereva aliahidi kunipitia. Mtu mwingine angevaa koti akatoka. Mimi nilianza na blanketi. Nikaongeza sufuria, maana huwezi kujua. Nikaongeza chumvi, mkeka, jembe lisilo na mpini, kambale wakavu wanne, na viberiti sita nilivyovifunga ndani ya kopo visije vikalowa, ingawa ulikuwa mwezi wa nane na barabara ilikuwa vumbi tupu. Dereva alipiga honi mara tatu. Nikamtuma mjukuu akamwambie nakuja, nikarudi ndani kutafuta kamba. Nilipotoka na furushi langu kichwani, lori lilikuwa limeniachia moshi. Nilifika Idete kesho yake, Semeni ameshafukiwa, na vijana waliokuwa wakiosha majembe ya kaburini walinitazama mimi na furushi wasijue waanze na pole au waanze na kicheko.

“Babu, unahama?” mmoja wao akauliza.

Niseme tu kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka mto Lumemo najiona nimesafiri. Semeni ndiye aliyekuwa akija kwangu kila baada ya mavuno. Mimi kwake nilifika mara mbili maisha yangu yote, na moja ndiyo hii ya kuchelewa. Marehemu mke wangu alikuwa akisema kunitoa mimi ndani ni kazi ya watu wanne na ng'ombe. Lakini nikilazimika kutoka, natoka kama mtu asiyetegemea kurudi, na ugonjwa huo naujua mwaka wake. Niliupata mwaka wa vita vya Maji Maji, nikiwa mtoto ambaye meno yake ya mbele yametoka na mengine hayajaota. Pale msibani, kwenye mkeka wa wanawake, kikongwe mmoja alinyoosha shingo kuliangalia furushi langu, nami nikamtambua mara moja. Ni Tabu, jirani yetu wa kijiji chetu cha Lumemo enzi za utoto, ambaye shamba la kwao na letu yalitenganishwa na mfereji mmoja tu. Alikuwa kaolewa huko huko Idete. Ana kama miaka mitano kunizidi.

“Shikamoo, dada Tabu.”

“Marahaba. Umekuja kuzika au umekuja kujenga?”

Wafiwa wakacheka, Mungu awasamehe, nami nikakaa karibu naye kwa kuwa palikuwa na kivuli na sikuwa na pengine pa kuiweka aibu yangu.

Ninapoukumbuka mwaka ule, kwanza naiona nyumba yetu. Ilikuwa na giza zuri, lile la nyumba ya udongo mchana wa jua kali, na katikati ya chumba kilisimama kihenge cha mpunga kikubwa kama tembo aliyelala. Sisi watoto tulilala nyuma ya kihenge, na mtu aliyelala nyuma ya kihenge husikia kila kitu. Mchana mmoja, tukidhaniwa tumesinzia, Baba aliingia kutoka alikokwenda na wanaume wenzake. Alinuka majani mabichi, na shingoni alikuwa na kijifuko ambacho hatukuwahi kukiona.

“Umekunywa?” Mama akamwuliza.

“Nimekunywa, na nimemwagiwa.”

“Na risasi za Wadachi zitageuka maji?”

“Wamesema.”

“Nakuuliza wewe unasemaje, siyo wao.”

Baba alikipapasa kile kijifuko shingoni. Kisha akasema, “Mimi nasema hivi. Nisiporudi, watu watakimbia. Na wakikimbia wataanza kuacha vitu, halafu wataacha watu. Mama yangu usimwache.”

“Simwachi,” Mama akasema. “Nitambeba.”

Kutoka pembeni ya mlango, alikokuwa akichambua mboga, Bibi akapaza sauti, “Na mimi nina masikio, wanangu. Ni miguu tu iliyokufa.”

Ndivyo ilivyokuwa. Magoti ya Bibi, mama yake Baba, yalikuwa yamevimba tangu masika mawili nyuma, na kutoka mlangoni hadi jikoni alikuwa akienda kwa makalio. Mimi aliniita mume wake, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, na kila asubuhi alinilaumu mbele za watu kwamba simlishi. Baba aliondoka na kundi kuvuka mto mkubwa kuelekea Mahenge. Wakaja kurudi wachache, wakipita mmoja mmoja kando ya mashamba bila kusimama, na Baba hakuwa miongoni mwao. Mmoja tu ndiye aliyemjibu Mama, naye alijibu huku anatembea: “Risasi zimebaki risasi, mama. Ondokeni.”

Tulipoona moshi upande wa mashariki, na ukawa moshi wa nyumba na siyo wa nyasi, Mama aliutoa mpunga kwenye kihenge kiasi cha kubebeka. Semeni, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi, akapewa chungu kilichovunjika mdomo chenye makaa ya moto yaliyofunikwa na majivu. Mimi nikapewa jembe lililotolewa mpini, na chumvi. Halafu Mama akapiga magoti mbele ya mkwe wake, akageuka, akasema, “Mama, panda.” Mtu asiyejua heshima za kwetu hatalielewa tukio lile. Mama hakuwahi kukaa mkeka mmoja na mkwe wake. Alimsalimia akiwa ameinama, macho chini, na chakula alimtengea akaondoka. Sasa alimfunga mgongoni kwa kaniki kama anavyofungwa mtoto, kifua cha mkwe kwenye mgongo wake. Siku ile yote ya kwanza Bibi aliugeuza uso wake pembeni kwa haya. Siku ya pili shingo ikamuuma, akaulaza uso kwenye bega la Mama, na tangu hapo haya ikaisha. Ikabaki njia.

Tulikuwa tukienda Uchindile, kwenye vilima, kwa sababu Mama alikuwa na ndugu huko na watu walisema askari hawajafika. Tulitoka Lumemo pamoja na jirani zetu, Tabu, kaka yake na baba yao, tukafikia Idete kwa shangazi yangu mmoja wa mbali. Alitupokea vizuri, akatupa chumba cha mbuzi. Nisimseme vibaya, mbuzi wenyewe alikuwa ameshawachinja, na uji wa mtama tulikunywa mara moja kwa siku kama yeye. Lakini kile chumba kilitenganishwa na chao kwa ukuta wa fito tu, na mimi, kama nilivyosema, ni mtu wa kusikia. Wiki ya tatu nilimsikia shangazi akimwambia mumewe, “Askari wana haja gani na kikongwe? Wangemwacha hapa, wao wawahi. Wakirudi watamkuta.”

“Wakimkuta,” akasema mumewe.

Niligeuka kumtazama Bibi kama naye kasikia. Alikuwa macho, anatazama paa. Jioni ile alipopewa uji alikunywa nusu, akanisogezea kibuyu. “Maliza, mume wangu. Siku hizi nashiba kwa kuchoka tu.” Na kesho yake vilevile. Mimi niliumaliza, tena nikalamba. Nilikuwa na njaa, na kwa kipindi kirefu nilijiambia kwamba sikuelewa alichokuwa anafanya. Nilielewa. Mama naye lazima alikuwa amesikia, kwa sababu siku ya tatu, jua halijapanda, alipiga magoti na kugeuza mgongo bila kumwaga machozi wala maneno. “Mama, panda.”

Tuliagana na baba yake Tabu kwenye maji. Mvua zilikuwa zimeshalijaza bonde, na yeye alikuwa na mtumbwi na mitego yake ya samaki. “Mimi nabaki kwenye matete,” akasema. “Uchindile hakuna kambale. Mtakwenda kula mawe.”

“Mawe hayachomwi moto,” Mama akamjibu.

Sisi tulikuwa na mtumbwi wa mjomba wangu Ligoma, kaka yake Mama, mvuvi mwembamba aliyeogopa kila kitu isipokuwa kiboko. Alitupeleka kwa upondo katikati ya majani yaliyozama, siku nzima, mpaka karibu na upande wa vilima. Lakini njia ya kupandia ilikuwa na watu wenye bunduki, na Mjomba aliyekwenda kuchungulia alirudi midomo imekauka. Ikabidi tungoje. Tulingojea kwenye kichuguu kikubwa kilichobaki juu ya maji, kipana kama vyumba viwili, matete yamekizunguka pande zote. Tulikaa hapo mpaka mwisho wa masika. Tulikula vitunguu vya mayungiyungi vilivyochemshwa, vinavyofanana na viazi kwa mbali kidogo, na kambale Mjomba alipobahatika. Kando ya kichuguu palikuwa na mpunga wa mtu, shamba dogo ambalo mwenyewe alipanda akalikimbia, nasi tuliutazama unavyobeba kama watu wanavyotazama mlango. Mama alisema wazi: mpunga huu ukikomaa ndiyo chakula chetu cha njiani. Bila mpunga, mgongo wake hauwezi kumfikisha Bibi kilimani.

Sheria za pale alizitunga Mjomba. Kutwanga marufuku, maana mlio wa mchi juu ya maji unafika mbali. Nafaka ilifikichwa kwa viganja. Moto usitoe moshi. Makaa yalikaa ndani ya chungu cha Semeni, yakipuliziwa kama mtoto mgonjwa, kwa sababu yakizimika hatuna pa kuomba mengine. Kukohoa ni ndani ya nguo. Bibi peke yake alizidharau. “Ligoma,” alimwambia, “hata pumzi umeshatukataza. Sasa tufe kimya kimya tukusaidie?” Mjomba alikuwa akimwangalia kwa hofu ile ile aliyomwangalia nayo askari. Siku nzima tulisikiliza. Kila tete lililovunjika lilikuwa mtu. Kila ndege aliyeruka ghafla alikuwa amerushwa na mtu. Nilijifunza kula bila kugusanisha meno, ujuzi ambao mpaka leo unawashangaza wageni wangu mezani.

Kosa langu nililifanya asubuhi ya mawingu, mpunga ukiwa umeanza kugeuka rangi. Mjomba alikuwa anatazama mitego nyuma ya kichuguu, Mama anamsugua Bibi magoti. Kwelea wakaja. Walishuka kama shuka iliyotupwa, mamia, wakatua juu ya mpunga wetu. Sasa mtoto wa Lumemo akifikisha miaka mitano kazi yake ni moja: kukaa juu ya dungu shambani na kuamia ndege wasile mpunga, kuanzia umande mpaka jua kuzama. Na kila shamba lina mwito wake, ili mzazi aliye mbali ajue kwamba mtoto wake hajasinzia. Mwito wangu niliutunga mwenyewe kwa uchokozi, kwani jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji alikuwa Tabu. Sikufikiri. Niseme kweli, sikuhisi hata mdomo ukifunguka. Nilisimama, nikanyanyua mikono yote miwili, nikapiga kelele kwa nguvu zote za mapafu ya mtoto:

“Hooo-yeee! Nendeni kwa Tabu! Hooo-yeee!”

Kwelea waliruka wote kwa pamoja. Mama alikuwa akiniangalia, mkono wake umebaki hewani juu ya goti la Bibi. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Bibi peke yake ndiye aliyesema, taratibu, “Mume wangu kazi anaijua.”

Hatukusogea. Ulipita muda wa kupika chungu cha mihogo. Semeni alikuwa juu ya kilele cha kichuguu, kalala kifudifudi, anachungulia. Ghafla aliserereka chini, goti limechubuka, uso umebadilika. “Mtumbwi! Watu watatu. Askari!”

Sijui kama mmewahi kuhama ndani ya muda wa kumeza mate. Mjomba alimnyakua Bibi kama furushi la nyavu akamlaza mtumbwini. Mama akaingia, mimi nikatupwa juu ya miguu ya Mama, Semeni akaruka wa mwisho mikono mitupu, na tukapotelea kwenye matete upande wa pili. Mpunga tuliuacha umesimama. Tulikuwa tumeshafika mbali, mvua imeanza, ndipo Mama alipomwuliza Semeni, “Moto?” Semeni akaitazama mikono yake.

Tulikwenda siku mbili kwenye mvua bila moto, tukiizunguka ile njia yenye bunduki, na siku ya tatu tukashuka tukaanza kutembea. Mizizi tuliitafuna mibichi. Bibi alikuwa amelowa mpaka mifupa na hapakuwa na kitu cha kumkausha. Kifua chake kilianza kulia kama mlango, kwanza akipumua ndani, kisha na akitoa. Aliniita karibu tulipopumzika. “Umenilaza kwenye maji, mume wangu,” akasema, “nami nilikuwa nimekusifu kwa watu.” Alikuwa ananitania. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba mtu anaweza kutania huku anakufa, na yale maneno niliyachukua kama hukumu. Siku ya nne, vilima viko mbele yetu, karibu kabisa, Semeni aliyekuwa akitembea nyuma alimsogelea Mama akamgusa mkono. “Mama, Bibi mkono wake umening'inia.”

“Nyamaza. Kalala.”

“Mama, ni wa baridi.”

“Nimesema kalala.”

Mama alitembea naye vile mpaka alasiri. Alipofika pale ardhi inapoanza kupanda, alipiga magoti kama alivyopiga siku zote akitaka kumshusha, akakaa hivyo hivyo, kaniki haijafunguliwa, mpaka Mjomba alipokuja kuifungua. Tulilichimba kaburi kwa lile jembe langu, lililokuwa limebaki mtumbwini siku zote, Mjomba akilishika kwa mikono bila mpini. Uchindile tulifika watu wanne. Tulikaa huko hadi vita vilipoisha na njaa ikaisha na sisi karibu tuishe, kisha tukarudi Lumemo kukuta vichaka mahali palipokuwa na nyumba.

Mapadri walinifundisha baadaye kusoma na kuandika, nikawa mwalimu, nikafundisha watoto wa watu hesabu na jiografia ya nchi ambazo sikuwa na nia hata kidogo ya kuziona. Wenzangu walihamishiwa mikoani wakapandishwa vyeo. Mimi nilipoonyeshwa barua ya uhamisho niliumwa tumbo wiki tatu, kwa kweli kabisa, mpaka wakamtuma mwingine. Watu walicheka, nami nilicheka nao, kwa kuwa kicheko ni rahisi kuliko kueleza. Nisiwafiche: kila nilipofikiria kuondoka mahali, nilijiona nimesimama juu ya kichuguu mikono juu. Niliamini kwamba sauti yangu ndiyo iliyowaleta askari, na askari ndio waliotutoa kwenye moto, na kukosa moto ndiko kulikomuua Bibi. Mama alifariki bila kunitajia. Semeni nilijaribu kumwambia mara moja tu, tukiwa wazee tayari, alipokuja kwangu baada ya mavuno. Nilisema, “Dada, ile kelele yangu kule kwenye matete.” Alinyanyuka akaenda kukoroga chungu ambacho kilikuwa kimeshaepuliwa. Nikadhani hajanisamehe. Sikuuliza tena.

Kwa hiyo pale Idete, baada ya mazishi niliyoyakosa, sijui kilichonifungua mdomo. Labda ni kwa kuwa hapakuwa na ndugu mwingine wa kumwambia tena duniani. Wanawake walikuwa wametutengea sahani moja ya wali, mimi na Tabu, na maji ya kunawa. Nikamweleza yote: kwelea, kelele, mtumbwi wa watu watatu, makaa tuliyoyaacha, Bibi. Nilieleza nikiangalia chini. Nilimwomba radhi hata kwa kulitumia jina lake. Tabu alisikiliza huku mdomo wake usio na jino ukitafuna hewa, na nilipomaliza alinitazama kwa muda kama mtu anayetazama mzigo akipima kama ataweza kuunyanyua. Halafu akasema, nami nanukuu neno kwa neno kwa sababu sina nguvu ya kulipamba:

“Ule mtumbwi ulikuwa wetu, we mzee. Baba alisikia ukinitaja akasema, hakuna askari anayeamia ndege, huyo ni mtoto wa jirani. Tukaja na kambale wawili, mimi, yeye na kaka. Semeni nilimwambia nilipoolewa hapa, akalia, akaniapisha nisikwambie kwamba yeye ndiye aliyetuita askari. Kelele yako haikumuua mtu. Bibi yenu mlimuua kwa kukimbia. Haya, nawa mikono, wali unapoa.”